Pambizo Nilizozikata

Haijanitoka, mwanangu, Alhamisi ile ya mwezi wa Shaaban, mwaka 1955, baada ya sala ya alasiri, nyumbani kwangu Malindi. Nilikuwa mjane wa miaka thelathini na minne, mwanafunzi wa darasa la watu wazima, na nilijiona nimeshafika. Mwalimu alinitaka nieleze falsafa ya babu wa marehemu mume wangu, aliyeacha kitabu cha mkono kuhusu roho. Jumamosi ilikuwa zamu yangu, na sentensi moja ilinishinda: "Roho haitoki, huaga."

Pambizo zilijaa mistari myembamba: karafuu maiti kiasi gani, maji ndoo ngapi, nani amefariki. Niliona ni takataka zilizoingia kwenye hikima. Nikatwaa mkasi, nikazikata, na vipande nikawashia seredani ya makaa. Akili nyingi huondoa maarifa.

Akaingia Bi Zamda, mwosha maiti wa mtaa wetu, asiyejua kusoma. Nikamwamkia.

"Marahaba. Mbona wanyoa kitabu, Bi Msomi? Kinakwenda kuhiji?"

Sikucheka. Akaokota kipande kilichosalia, akakinusa kama anayetafuta harufu ya karafuu maiti, akanipa.

"Nsomee."

Nikasoma: "Leo nimemwosha mwanangu. Miguu ilitangulia kupoa. Nilipofika mkononi, kidole kikanishika."



"Hushika," alisema Bi Zamda taratibu, kama mtu anayetaja bei ya ndizi. "Si wote. Nami nkishikwa hungoja mpaka waniache. Huyo aliyeandika alikuwa mwosha, mwanangu. Hakubuni."

Hapo nikaielewa nusu ya ile sentensi, ile ya kuaga; ya kutotoka bado.

"Na yeye alingoja? Kilimwacha?"

"Mie ntajuaje? Msomi ni wewe. Soma mbele."

Mbele ilikuwa seredanini, jivu.

Jumamosi nilisimama darasani nikakiri kwamba sijui, na kwamba jibu nimelichoma kwa mkono wangu.

Basi, mwanangu unayesoma historia ya falsafa, usiitenge fikra na kazi ya mikono ya aliyeifikiri. Mwanafalsafa akitaja nyota, mwendee mjuzi wa falaki. Akinena kifo, piga hodi kwa anayeosha, hata kama hajui alifu, na usione haya kukaa chini yake. Lililo pembeni ya ukurasa lisome kabla hujaliita uchafu. Mimi nimeishi na nusu ya sentensi maisha yangu yote.

Mola akufungulie kifua, Akupe ulimi wa kuuliza, na Akujaalie kuijua thamani ya kitu kikiwa bado mkononi mwako. Amin.