Pembe ya Mkunga Juu ya Injini

Kisa hiki ukikisimulia kwingine utaitwa mwongo. Mwandishi ameshalizoea jina hilo, kwa hiyo tuendelee.

Mkunga mmoja mstaafu, dada mkubwa wa mwandishi, mwanamke mfupi mwenye maneno marefu, alivunjika mguu akakaa ndani miezi tisa. Gari lake nalo likakaa miezi tisa nyuma ya jiko, chini ya turubai, likilowa na kukauka.

Siku aliyotupa mkongojo, mwanawe, karani anayevaa tai hata akienda kununua mkate, alikuwa ameshaleta fundi. Fundi alikuja na betri yake, maana ile ya gari ilikuwa imekufa fofofo. Akaliwasha. Kelele iliyotoka iliwarusha njiwa kwenye paa la jirani: kru-kru-kru, kama mtu anasaga kokoto. Akazima upesi, akatikisa kichwa kama anayeleta habari za msiba. Injini inagonga, akasema. Beringi za ndani zimeliwa na kutu, na kuitengeneza ni sawa na kununua gari jingine.

Karani hakusikitika sana. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa tayari getini na kamba ya kuvutia, yaani sanda ilinunuliwa mgonjwa angali anapumua. Karani akambembeleza mama yake: umri umekwenda, barabara zimejaa wendawazimu, na yeye atampeleka popote atakapo, akipata nafasi.

Hilo "akipata nafasi" ndilo lililomchoma. Wajawazito wa mitaa minne walikuwa bado wanamwita, na mtoto hazaliwi karani akipata nafasi. Bila gari, angekuwa mzigo wa kupakiwa na kushushwa.

"Mama, fundi ameshasema limekufa."

"Fundi alisikiliza amesimama wima. Mtoto akilia hatumchimbii kaburi, mwanangu. Tunauliza anaumwa wapi."

Akaingia ndani, akatoka na pembe yake ya mbao, ile anayoweka juu ya tumbo la mjamzito kusikiliza moyo wa mtoto. Fundi akacheka, mnunuzi akacheka. Mdogo wake mkunga, yaani mwandishi, naye alicheka, ila kwa ndani, maana anamjua. Mkunga akakaza kilemba kisining'inie, akaamuru gari liwashwe, akainama: pembe juu ya injini, sikio juu ya pembe. Akasikiliza juu, chini, ubavuni, kila mahali akinyamaza kama anayehesabu mapigo. Injini ilikuwa inapiga sawasawa. Pembe ilipoigusa dinamo, ile inayochaji betri, akarudisha kichwa kama aliyepigwa kofi. Kelele yote ilikuwa imejificha humo.

Akamwambia fundi auvue mkanda unaoizungusha dinamo. Fundi akanung'unika kwamba kliniki ni kliniki na gereji ni gereji. Akaambiwa avue kwanza, atanung'unika baadaye. Likawashwa tena nusu dakika, si zaidi, lisije likachemka, maana mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya maji.

Kru-kru ikawa haipo. Injini ilinguruma kama paka aliyeshiba.

Mkunga akazima, akaizungusha kwa kidole puli ya dinamo, kile kigurudumu kinachopitiwa na mkanda, ikakwaruza kama meno yanayotafuna mchanga. Ugonjwa wote ulikuwa beringi moja, duara kama pete, iliyoota kutu kwa kukaa bure. Fundi akajikuna shingo, akaenda kuleta nyingine, na kabla ya adhuhuri mkanda ulikuwa umerudi mahali pake. Akachukua betri yake akaaga bila kumtazama mtu machoni. Mnunuzi akakunja kamba.

Karani akajaribu mara ya mwisho. Akanyoosha mkono apewe ufunguo, angalau leo aendeshe yeye.

"Mkono huo ndio uliotangulia kichwa siku nakuzaa," mama yake akamwambia. "Umenisumbua vya kutosha. Urudishe mfukoni."

Akaingia, akafunga mlango, akashusha kioo. Nani wa kumzuia? Gari likatoka getini kama risasi, likakata kona kwa magurudumu mawili, mshale ukagusa mia na ishirini, kuku wakapanda miti, askari wa barabarani akavua kofia, na wanawake wa mitaa yote minne wakatoka nje na kup—

"Gia ya pili," anasema dada mtu, aliyesimama nyuma ya kiti cha mwandishi anasoma. "Na betri aliondoka nayo fundi; wewe ulikuwa nyuma, unasukuma."