Rangi Isiyochuja

Kwa miaka tisa Natalia ndiye aliyekuwa maabara nzima ya kituo chetu cha afya, kwenye njia ya kwenda Mwese. Ukikohoa wiki tatu, unampelekea makohozi. Anayapaka kwenye kioo, anamimina dawa nyekundu, anapasha moto kwa chini, anaosha kwa asidi, anamalizia na bluu. Vijidudu vya kifua kikuu ni vibishi: vikishashika wekundu, hata asidi haiviondolei. Vingine vyote vinageuka bluu.

Unga wa dawa nyekundu ulikaa stoo kwa Apollinarie, mtunza stoo wetu, naye ndiye aliyeupima na kuuchanganya. Natalia alikuwa mama wa ubatizo wa mwanawe. Nani anakagua kazi ya ndugu yake?

Mwaka 1995 akaja Yohani, mkulima wa Mwese, amekonda. Alipimwa mara tatu, na mara zote kioo kikawa bluu tupu.

"Huna TB, baba," Natalia akamwambia. Yohani akamshika mkono kwa furaha, akarudi kwake na vidonge vya kikohozi.

Waliomfuata nao wakawa bluu vilevile. Natalia akaanza kuyashuku macho yake, akamweleza Apollinarie.

"Pole, dada. Macho yamechoka hayo. Katafute miwani."

Alimwambia hivyo usoni, bila hata kupepesa. Msiniombe nimhurumie.

Siku ya Pasaka Apollinarie akamwalika Natalia kwake kula. Wakakaa kwenye mkeka mpya wa milala, mwekundu ajabu. Natalia akausifu. Spès, mke wa Apollinarie, mtu asiye na hila, akacheka.

"Rangi ananileteaga baba watoto kutoka kazini, wifi. Unga kidogo tu, na haichuji hata uifue na sabuni!"

Apollinarie akainamia sahani yake. Natalia hakumaliza tonge. Aliniambia baadaye kwamba Apollinarie angemwibia nyumbani kwake asingeumia hivyo. Huyu alimwibia ukweli, kisha akamsingizia macho.

Sikukuu zilipoisha alichanganya dawa mwenyewe kwa kipimo kamili. Akatoa vioo vya Yohani kwenye boksi, akavipaka dawa hiyo upya. Wekundu ulijaa kila alipotazama. Akadandia lori la mbao kwenda Mwese kumfuata, akiwa na vikopo vya makohozi vya kuwapima watu wa nyumbani.

Yohani alikuwa amezikwa wiki mbili nyuma.

Natalia akamweleza mjane, Générose, habari yote: unga, mkeka, rafiki. Akalia. Kisha, kwa kuwa mjane naye alikuwa akikohoa, akamnyooshea kikopo.

Générose akakipokea, akakigeuzageuza.

"Ulimwambia hana, daktari. Tukalala naye chumba kimoja, mimi na watoto, kwa neno lako."

Akakohoa tena, akafunika mdomo kwa kitenge, akamrudishia kikopo kikiwa kikavu.