Mtoto wa nursery aliyekataa kuitika: somo la shule yetu Kitengela ambalo sijalisahau

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi ni wa kusoma kimya kimya tu, miaka yote sijawahi kuanzisha uzi. Lakini juzi kuna mzazi aliuliza hapa kama watoto wa nursery wanajifunza kitu chochote cha maana au ni kuimba na kupaka rangi tu. Nikaona leo lazima niandike.

Nitawaeleza kilichonipata. Chumvi sitaongeza, chenyewe kilikuwa nayo ya kutosha.

Ni miaka ya mwanzo ya 2000. Nilikuwa sixth form, ile miaka miwili ya mwisho ya sekondari, katika shule moja ya binafsi ya wasichana, nje ya Kitengela ukielekea Isinya. Jina nitaliacha.

Kwa wasioelewa: shule yetu ilianza nursery mpaka sixth form ndani ya ua mmoja, mtaala wa Kiingereza. Mitihani ya taifa hakuna, si KCPE wala KCSE. Baba yangu, Mluhya wa Vihiga aliyekuwa akifanya kazi Athi River, alichoka kumweleza nyanya. Kila Krismasi nyanya aliuliza, "Huyu mtoto amefika class gani?" Akiambiwa Year Twelve alishika kichwa, maana class alizojua yeye ziliishia nane. Aliamini kabisa kwamba narudishwa darasa kila mwaka na baba anaficha aibu.

Sasa, katika mtaala huo kulikuwa na sharti moja. Ukifika sixth form, kila wiki lazima usaidie darasa la wadogo, na inaandikwa kwenye report yako kama somo lingine lolote. Wenzangu walipewa library, wengine netball. Mimi nikapewa nursery, kwa Teacher Rispa.

Mwanzoni nilinuna. Biology na Chemistry zinanisubiri, na mimi nafunga watu kamba za viatu!

Nursery walikuwa na somo la mazingira. Walitolewa nje ya ua, kwenye nyika, waone ndege, mchwa, kinyesi cha pundamilia, vitu kama hivyo. Kitengela ya wakati huo haikuwa hii ya maghorofa. Mvua ikinyesha, nyumbu walitoka park ya Nairobi kufuata nyasi mpya, na simba hawakukaa nyuma kulinda nyumba.

Ndiyo maana shule ilikuwa na mchezo uitwao Jiwe. Filimbi ikilia, unachuchumaa hapo hapo ulipo. Husogei, hucheki. Hata ukiitwa jina lako huitiki. Unabaki jiwe mpaka mwalimu aseme "Tumemaliza", ndipo mnapiga makofi na kuinuka.

Teacher Rispa aliwajaribu makusudi. Aliita, "Wanjiku! Achieng!" na anayeitika ametoka mchezoni. Wengi walishindwa, maana mtoto wa miaka mitano na jina lake ni kama nzi na maziwa.

Asiyeshindwa alikuwa mmoja tu, Nashipae. Katoto kembamba ka Kimaasai, mama yake nesi kule Kajiado mjini. Huyo alikuwa jiwe kweli. Ungemtekenya na asitingishike. Nilimpenda sana.

Siku hiyo mawingu yalikuwa yameshuka. Tuko nje, karibu na korongo, Teacher Rispa akapuliza filimbi na watoto wote wakachuchumaa kati ya vichaka.

Kabla hajaanza kuwajaribu, nikamwona Lemayian, askari wetu wa geti, anakuja kwa hatua ndefu. Hakukimbia. Alipofika akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, toa watoto hapa. Kuna simba jike ameonekana kwa korongo."

Wakuu, hofu ikiingia kwa mtu mzima hula akili kwanza. Tulianza kuokota watoto kama watu wanaoanua nguo mvua ikianza. Tuliwashika mikono, tukawabeba, tukawasukuma kuelekea geti. Kila mtoto alikuwa na mwenzake wa kushikana mkono naye. Mwenzake Nashipae alikuwa mgonjwa, hakuja shule siku hiyo. Kwa hiyo hakuna mtoto aliyebaki akitafuta mkono wa mwenzake.

Tulipofunga geti ndipo Teacher Rispa akahesabu. Akahesabu tena. Akakaa chini kwenye matope na sketi yake safi.

Niliyejua upande aliochuchumaa Nashipae ni mimi. Sikungoja ruhusa ya mtu. Nikatoka na Lemayian, yeye na rungu lake, mimi na sweta ya shule.

Nilianza kuita. "Nashipae! Nashipae, kuja!"

Kimya. Upepo tu kwenye miiba.

Niliita huku nalia. Nilizunguka kichaka hiki na kile, nikiona kila kitu chekundu ni damu. Kichwani nilishaanza kumwona mama yake na hiyo uniform nyeupe ya nesi, na mimi nikimwambia... nimwambie nini?

Ndipo ikanigonga. Mtoto ananisikia. Hawezi kuitika. Tumemfundisha wenyewe asiitike, tena tukampigia makofi kwa kuwa hodari. Hakuna aliyesema Tumemaliza. Kila nikiita jina lake, nazidi kumfanya jiwe.

Nikavuta pumzi nipaze sauti niseme hilo neno. Lemayian akanishika mkono, akaufinya mpaka nikaumia.

"Angalia ng'ambo," akanong'ona.

Ng'ambo ya korongo, kwenye nyasi, kulikuwa na kichwa. Amelala, masikio yamesimama, anatuangalia bila haraka yoyote.

"Hiyo maneno yenu ya kumaliza usiseme," Lemayian akasema. Alikuwa ametuona tukicheza kila wiki, mchezo wote aliujua. "Mtoto akisimama hapa akimbie kwako, huyo ataona ni kondoo. Wacha akae jiwe. Sisi ndio tutamfuata."

Kwa hiyo mambo yakageuka, wakuu. Lile somo nililokuwa nalilaani muda si mrefu, sasa namwomba Mungu mtoto aendelee kulishika. Asichoke. Asilie. Asikumbuke kwamba ana miaka mitano.

Tulitembea polepole, uso kwa yule mnyama, tukipapasa vichaka kwa macho. Nilijikojolea. Naandika bila aibu, anayetaka kucheka aende kwanza akasimame pale.

Nilimtambua kwa sweta yake. Alikuwa nyuma ya kichaka nilichokuwa nimeshakipita nikiita. Amechuchumaa, mikono juu ya magoti, macho wazi. Sisimizi anatembea shavuni mwake na hamfukuzi.

Nikamwinua. Alikuwa amekakamaa kama kiti, magoti hayakukunjuka. Hakunishika shingo, hakutoa sauti.

Tukarudi kinyumenyume, Lemayian kati yetu na korongo. Simba akainuka. Akapiga hatua kadhaa sambamba nasi, akasimama. Mimi sikusikia kitu kingine ila moyo wa yule mtoto kifuani pangu, unakwenda mbio kama wa kuku aliyeshikwa. Jiwe lilikuwa nje tu. Ndani alikuwa anakufa kwa woga, na alikuwa peke yake humo.

Tulipofika getini mama yake alikuwa ameshafika kumchukua na ameshaambiwa. Akatukimbilia.

"Nashipae! Enkerai ai! Mtoto wangu! Nashipae!"

Mtoto hakuitika. Macho wazi, mwili mgumu, kimya.

Mama akamshika uso, akamtikisa, akapiga ukelele ambao mpaka leo nikiusikia usingizini naamka. Nesi mzima, anayejua pumzi na mapigo, lakini alishaona mtoto wake amekufa mikononi mwangu.

Hapo ndipo nikalikumbuka lile neno.

"Nashipae," nikasema. "Tumemaliza."

Akapepesa macho. Akatoa mikono, akapiga makofi, pa, pa, pa, kama darasani. Kisha akamwona mama, na kilio chote alichokuwa amekishikilia kule nyikani kikatoka kwa mara moja.

Baadaye, akiwa amefunikwa shuka ya mama, aliniambia kwa kikwikwi, "Mimi nilikuona ukilia. Nilidhani unanijaribu."

Jumatatu shule iliitisha mkutano. Teacher Rispa alikuwa ameshaamua kulifuta somo la Jiwe. Wazazi wengi wakaunga mkono, wengine wakitaka hata kutoka nje kufutwe. Sisi sixth form tulikaa nyuma, mimi nikiomba ardhi ipasuke.

Mama Nashipae akasimama, sote tukajua leo ni leo.

Akasema, "Somo msitoe. Bila hiyo singekuwa na mtoto. Lakini mimi nilimuita mtoto wangu na jina nilimpatia mwenyewe, akakataa kuitika. Akaitika huyu msichana." Akaninyooshea kidole, sio kwa hasira. "Nyinyi mko na neno la kufungua mtoto wangu na mimi sina. Nifundisheni."

Teacher Rispa alikuwa analia. Basi nikafundisha mimi. Wazazi wazima, wengine na tai za ofisini, wakasimama wakasema "Tumemaliza" na kupiga makofi matatu.

Funzo langu ni hili. Mtoto hasomi nusu nusu kama sisi. Ukimfundisha kunyamaza, atanyamaza kweli. Kwa hiyo uliza anafundishwa nini huko nursery, na uhakikishe na wewe mzazi unajua jinsi ya kumrudisha.

Nina binti sasa. Naye yuko nursery.

Karibuni, wenye lao walimwage. Wenye matusi, tafadhali yaachieni uzi mwingine.