Majirani wa Meza Yangu

Wakati wa ebola, sisi wa soko la Beu tulinawa mikono kwa maji ya klorini mpaka ngozi ikachunika, lakini wanunuzi hawakuja. Niliuza makayabo, yaani samaki wa chumvi, pamoja na mafuta ya mawese, kwenye meza aliyoniachia mama yangu. Meza sokoni si mbao tu, ni nafasi. Ukiipoteza unarudi kwenye beseni kichwani, mlango kwa mlango, jua likikupiga utosini. Nilikuwa nimetembeza hivyo ujana wangu wote na sikutaka kurudi huko.

Habari ya mkopo, kredi kama tulivyouita, ikatuamsha. Ofisi moja ya Butembo ilitaka kuwainua wafanyabiashara wadogo walioangushwa na ugonjwa, kwa riba ndogo, bila rehani ya nyumba. Dhamana tulikuwa sisi wenyewe: wanawake wa mstari mmoja wanashikana, mmoja akishindwa wengine wanalipa. Mawakala wangekuja kuziona meza, na majirani wa kulia na wa kushoto ndio wangesema kila meza ni ya nani. Hilo halikumshangaza mtu. Kwetu meza ni yako kwa sababu jirani yako anasema ni yako.

Kabla mawakala hawajafika, shangazi yangu akafa kule Kalunguta. Nilikuwa nimemnywesha uji alipokuwa hajiwezi. Ilipojulikana kuwa ni ebola, nilikwenda kwa miguu yangu mwenyewe kujitaja kwa watu wa afya. Shemeji yangu alinicheka.

"Weye uko mujinga? Kimbilia Butembo, ikala kwa bandugu, utarudia ikipita."

Nikamwambia siwapelekei ndugu zangu maradhi kama zawadi ya sikukuu. Nikachanjwa, nikaambiwa nibaki nyumbani, na kila asubuhi mtu alikuja kunipima joto kwenye paji la uso. Waliomgusa mgonjwa tuliitwa kontakti. Jina hilo likishakuingia, hata mbuzi wa jirani wanakukwepa.

Sasa meza je? Nilimwita rafiki yangu mmoja aliyeuza vitunguu chini, juu ya gunia, kando ya meza yangu. Mtoto wake nilimsimamia ubatizo. Mumewe alipomtoroka, alilala kwangu mpaka alipopata chumba. Alikuja akasimama mbali, uani.

"Yaya, hapana kuogopa," aliniambia, maana aliniita yaya, yaani dada mkubwa. "Nitaikala pa meza yako mpaka utarudia. Hata kilo moja haitapotea."

"Na bale batu ba kredi bakikuja?"

"Nitabaambia mwenye meza iko nyumbani, anarudia."

Nikamwamini. Ningefanyaje? Mtu aliyekula chungu kimoja nawe huanzi kumpima kwa mizani.

Siku zangu za kufuatiliwa zilipokwisha, nilivaa kitenge changu kizuri nikaenda sokoni. Mawakala walikuwa wameshapita, na pesa zilikuwa zimeshatoka. Rafiki yangu alikuwa amekaa kwenye meza yangu, na juu yake katoni mpya za makayabo zimepangwa hadi usawa wa kifua. Aliponiona alisogea kidogo kwenye benchi.

"Karibu, yaya. Ikala kidogo."

Karibu! Kwenye meza ya mama yangu nikakaribishwa kama mgeni aliyekuja kuomba maji.

"Hii makayabo ni ya nani?" nikamuuliza.

"Ya kredi."

"Kredi ya nani?"

Akaanza kufuta mizani ambayo haikuwa chafu. "Yaya, sikiya kwanza. Kama ningesema meza ni ya kontakti, bangepita tu, na mustari yote ingekosa. Donc nilisema ni yangu."

Nikawageukia majirani, muuza chumvi kulia na muuza unga kushoto, kwa sababu bila wao uongo huo usingesimama hata dakika. "Na ninyi?"

"Batu balikuwa banaogopa, mama," muuza chumvi akasema. "Tungefanya je? Na siye tuko na batoto."

"Basi sasa niko muzima. Museme ukweli."

"Mais tukigeuza maneno, bureau ya kredi itasema tulidanganya. Batatunyang'anya yote. Vumilia tu."

Hapo ndipo moyo uliponiuma. Wa vitunguu nilimwelewa kidogo, njaa ina akili zake. Lakini hawa wawili walinijua tangu mama yangu yu hai. Walikesha matanga yake, wakanishika mikono kaburini. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe: methali hiyo nilikuwa nikiitoa misibani kwa mbwembwe, bila kuisikiliza. Nililia palepale mbele ya makayabo, kwa hasira zaidi ya huzuni, na hakuna aliyeinuka.

Nikarudi kwenye beseni. Nilitembeza mafuta ya mawese kwa chupa, na nilipopita sokoni sikuwasalimu. Wakasema nina kiburi. Unanyang'anywa nafasi yako, kisha unadaiwa hata tabasamu!

Miezi ikapita. Asubuhi moja nikawaona muuza chumvi na muuza unga mlangoni kwangu, pamoja na wakala wa ile ofisi ya Butembo, kijana mwenye viatu vya kung'aa vilivyojaa tope. Rafiki yangu alikuwa ameuza kila kitu na kwenda Kanyabayonga, na simu yake haipatikani. Deni lake lilikuwa limeuangukia mstari mzima.

"Meza ni ya huyu mama," muuza chumvi alimwambia wakala, bila hata kuulizwa. "Tangu zamani. Mama yake njo alimuachia. Ule mwingine alikuwa anamulindia tu, maana huyu alikuwa kontakti."

Muuza unga akaapa kwa Bikira Maria kwamba ndivyo. Walilisema vizuri sana, neno kwa neno kama nilivyowasihi waliseme. Nilikaribia kucheka.

Wakala akanigeukia. "Donc, mama, meza ni yako? Kama ni yako, deni inafuata meza. Kama hapana yako, tutaiuzisha kwa mutu mwingine."

Nilitamani kukana, wazame wote. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini beseni lilikuwa palepale karibu na mguu wangu, na shingo yangu ilikuwa ikiuma tangu juzi.

"Ni yangu," nikasema.

Deni nililimaliza kwa makayabo, nikiwa nimekaa katikati yao. Mpaka leo nipo hapo. Mteja mgeni akifika na kuuliza bei, muuza chumvi huninyooshea kidole kwa furaha. "Uliza mwenye meza," anasema. "Njo ule," yaani ndiye yule. Nami namtajia mteja bei, na sijamsamehe.