Ng'ombe wa Habari za Saa Kumi na Moja

Alphonsine alikuwa na sauti ya kusomea habari, na mwenyewe alijua. Hata alipomwita mumewe Ushindi aje kula, majirani walidhani serikali imetangaza jambo. Kila jioni saa kumi na moja aliketi kwenye studio ya redio ya mtaa wao, pale Bunia. Kilikuwa chumba kidogo, kuta zake zimebandikwa trei za mayai ili kelele za nje zisiingie. Trei hizo ziliweza pikipiki kidogo. Ng'ombe walizishinda kabisa.

Maana nyuma ya ukuta palikuwa na zizi la jirani. Jioni ng'ombe mmoja akirudi kutoka malishoni humwita ndama wake kwa sauti ya kufika hadi mji wa Nizi, wakati uleule Alphonsine anapofungua habari. Miaka yote hakuna aliyejali. Kisha ikaja kampeni ya kuchagua depite, yaani mbunge, wa jimbo, na watu wakaanza kusikiliza kwa masikio mengine.

Wagombea waliovuma walikuwa wawili, Bruno na Gracieuse. Alphonsine, mpenda haki hadi anachosha, aliwasoma kwa alfabeti na kila mmoja akampa sentensi sawa na ya mwenzake. "Kandida Bruno ameahidi kutengeneza barabara ya Mongbwalu." Mooo! "Kandida Gracieuse ameahidi kutengeneza barabara ya Mongbwalu." Kimya. Kesho yake vilevile, mooo kwa Bruno, kimya kwa Gracieuse.

Jumatano asubuhi akafika Vahwere, muuza samaki wa Mahagi-Port na mtu wa Bruno kwelikweli, kitenge amekikaza kiunoni. Hakuja kusalimia.

"Mama Alphonsine, siye hatuko wajinga. Kila mara unataja Bruno, munabonyeza mashine inalia ngombe. Munataka kusema kandida yetu iko ngombe?"

"Ile ngombe iko ya kweli, dada. Iko nyuma ya ukuta."

"Eh! Ngombe ya kweli inajua jina ya Bruno?"

Hata Vahwere hajafika barabarani, akaingia Adolphe, dereva wa pikipiki za abiria, picha ya Gracieuse imebandikwa kwenye kofia yake.

"Mama, tunajua wamekununua. Kwetu ngombe ni heshima, ni mahari. Wenzetu munawapa ngombe kila siku, siye hata kuku hapana!"

Alphonsine alicheka mpaka machozi. Caleb, mkurugenzi wa redio, hakucheka hata kidogo.

"Kama Ijumaa hawa watu hawajatulia," alisema, "utarudi kusoma matangazo ya mbuzi zenye kupotea."

Hapo kicheko kikamkauka. Mbuzi waliopotea alikuwa amewasoma miaka mingi kabla ya kupewa habari, na habari alizipenda kama wengine wanavyopenda ngoma. Jioni hiyo aliona uchungu wa kweli, akaacha sahani yake nusu.

Lakini si mtu wa kulia muda mrefu. Ijumaa aliwaita Vahwere na Adolphe waje kukaa ndani ya studio, waone kwa macho yao kwamba hakuna mashine ya ng'ombe. Wakaja wote wawili, kila mmoja akiamini anakwenda kumfumania. Na Alphonsine, kwa hila ndogo ambayo mimi nampongeza kwayo, siku hiyo aliiacha alfabeti.

Saa ikafika, kipaza sauti kikafunguliwa. "Kandida Gracieuse amewatembelea wakulima."

Mooo!

"Munaona!" Vahwere aliruka. "Leo ngombe wamemupa Gracieuse! Na Bruno atapata nini?"

"Kumupa?" Adolphe naye alisimama. "Wamemutukana mama yetu mbele ya watu wote!"

"Kutukana? Weye si ulisema ngombe ni heshima?"

"Na weye si ulisema ni matusi?"

Wakatazamana. Wala hawakukumbuka kwamba wako hewani, na soko zima linawasikia. Ng'ombe nyuma ya ukuta akalia tena, polepole, kama anayejibu swali. Vahwere ndiye aliyeanza kucheka. Adolphe alijizuia kidogo, akashindwa, akaegemea trei za mayai akizibonyeza zote. Alphonsine alisoma sentensi ya Bruno huku machozi yanamtiririka, na sokoni watu waliacha mizani zao wakicheka.

Jioni hiyohiyo Vahwere na Adolphe walikwenda pamoja kwa Caleb kumwombea Alphonsine abaki kwenye habari. Caleb alikubali haraka, kwa kuwa tangu redio ianze haijawahi kusikilizwa namna ile. Kweli Vahwere akiondoka alinong'ona kwamba mlio wa Gracieuse ulikuwa mrefu zaidi, lakini alinong'ona akicheka.

Alphonsine alirudi nyumbani anaimba. Akala vizuri, akafungua redio nyingine asikie wenzake wa Mongbwalu wanasemaje kuhusu Bunia. Mtangazaji hajamaliza sentensi ya pili, yeye akapiga meza.

"Unamusikia ule? Anaegemea upande! Wazi kabisa! Iko mutu amemulipa!"

Ushindi hakuinua macho kutoka kwenye sahani yake. Alitafuna, akameza, kisha akajibu kwa sauti ndefu ya puani:

"Mooo."