Shikamoo ya Valence

Valence wa Mshangano hawezi kumpita mkubwa bila kumwamkia, hata akiwa juu ya baiskeli, na huwa anageuza shingo mpaka aitikiwe. Siku ya kupeleka posa kwa kina Yasinta alimpakia mshenga wake, mzee Remigi. Karibu na nyumba wakakutana na mama yake Yasinta akitoka kisimani.

“Shikamoo, mama!”

“Marahaba, mwanangu. Tazama mbele!”

Valence alikuwa bado amegeuka, akisubiri kuulizwa habari za nyumbani, baiskeli ilipoingia mtaroni pamoja na mshenga.

Mama alitua ndoo, akawatazama wakijipangusa matope.

“Adabu anayo,” alimwambia Remigi. “Binti tutampa. Ila kanisani waende kwa miguu.”