Gurudumu Linalosema Chwaaa

Fundi wa breki pale sokoni Mwingi haamini gari mpaka alitemee mate. Huinama kwenye gurudumu, akatema kidogo, akafumba macho na kuinua kidole kama mkunga anayesikiliza tumbo. Chuma kikisema "chwaaa", basi kina moto, breki imeng'ang'ania hapo. Lakini Ramadhani hii Kaluki, mwenyekiti wa akina mama kanisani, alimletea pikapu inayojikokota, imebeba sufuria zote za harusi ya mchana huo, akamkuta mdomo umemkauka kwa saumu.

"Mama, nisaidie mate."

"Fundi, si utumie tu maji?"

"Maji yana kelele. Gurudumu liwe moto, liwe baridi, yenyewe yanaongea tu."

Kaluki aliona soko zima linamtazama, wakiwemo wanakwaya wake. Akakaza leso, akatema. Kimya. Gurudumu la pili, kimya. La tatu likajibu: "Chwaaa!"

"Ndio hilo!" fundi akaruka, akafuata spana.

Aliporudi, mwenyekiti alikuwa ameinama kwenye gurudumu la nne, macho amefumba, kidole juu.

"Mama, tumeshalipata."

"Nyamaza, fundi. Bado nasikiliza."